SOMO LA UTUNZAJI WA MALI YA CHAMA: Cheni ya Taimingi, Kuikagua na Kuibadilisha Wenyewe



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, kama ilivyo mizani, ghala na sanduku la fedha. Lakini mizani ikiharibika, mazao hukaa ghalani yakasubiri. Gari likiharibika siku ya kupeleka maziwa, maziwa hayasubiri. Huchacha kabla jua halijatua, na hasara humwangukia mwanachama aliyeamka alfajiri kukamua. Ndiyo sababu somo hili linazungumzia kipande kimoja cha injini ambacho madereva wengi hawajapata kukiona kwa macho, kwa kuwa kimefichwa nyuma ya kifuniko. Kipande hicho ni mnyororo wa chuma ambao mafundi wetu huuita cheni ya taimingi.

Cheni hii haikatiki ghafla bila kutoa habari. Hulika kidogo kidogo, nayo hupiga kelele muda mrefu kabla ya kuleta maafa. Bandu bandu huisha gogo. Katibu anayeijua kelele hiyo anaweza kuiokoa injini kwa bei ya cheni na gasketi. Asiyeijua huja akanunua injini nzima, au kuliacha gari mawe yakiwa chini ya magurudumu.

1. KAZI YA CHENI

Katika injini ya petroli ya mipigo minne, pistoni hupanda na kushuka, na mwendo huo huizungusha kranki iliyo chini. Juu ya injini zimo valvu za kuingiza hewa na petroli, na za kutoa moshi. Valvu hufunguliwa na kamshafti. Ili injini ifanye kazi, kila valvu haina budi kufunguka na kufungwa kwa wakati wake hasa, kulingana na mahali pistoni ilipo. Cheni ndiyo inayoiunganisha kranki na kamshafti ili zisiachane.

Kranki huzunguka mara mbili kila kamshafti izungukapo mara moja. Kwa hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya meno ya gia ya kranki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 50 kwa nukta moja ya saa, na kila valvu hufunguka mara 25 katika nukta hiyo hiyo. Hesabu hii yatosha kuonyesha kwamba jino moja tu likirukwa, mambo yote hupotoka. Injini hukosa nguvu, huwaka kwa shida, na pengine pistoni huigonga valvu iliyochelewa kufungwa ikaipinda.

Cheni haifanyi kazi peke yake. Inazo gia mbili, inazo reli mbili za kuiongoza isipepesuke, na kinacho kikazio ambacho husukumwa na nguvu ya oili ili cheni isilegee. Vipande hivi vyote ni jamaa moja. Kimoja kikichakaa huwachosha wenzake.

Si kila injini ina cheni. Injini za dizeli za Toyota za aina ya 2L, ambazo zimo katika Hilux nyingi, hutumia mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda huo hubadilishwa kwa kufuata kilometa zilizowekwa, yaani 100,000, wala haungoji dalili. Trekta nyingi hutumia gia tupu. Land Rover Series III ya petroli na Peugeot 504 ya petroli zina cheni. Katibu na alitazame kwanza gari la chama chake, ajue ni la kundi gani, kisha aandike jambo hilo katika daftari la gari.

2. INJINI TUTAKAYOITUMIA KATIKA SOMO

Kwa mfano tutaichukua injini ya petroli ya Toyota iitwayo 22R, iliyomo katika Hilux za zamani. Injini hii ilianza kutengenezwa mwaka 1981. Ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, yaani lita 2.4 hivi, na kamshafti yake iko juu. Ni injini ngumu yenye sifa ya kudumu, na udhaifu wake unajulikana na mafundi duniani kote. Udhaifu huo ni reli za cheni.

Injini za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili. Baadaye, kuanzia miaka ya 1983 na kuendelea, kiwanda kilitumia cheni ya safu moja pamoja na reli za plastiki. Plastiki hupata joto na oili mwaka baada ya mwaka, ikakauka na kuwa kavu kama kijiti. Reli ya upande wa kushoto wa gari, yaani kushoto kwa mtu aliyekaa garini akitazama mbele, ndiyo huvunjika kwanza mara nyingi. Upande huo ndio unaovutwa na kranki.

Reli ikivunjika, cheni hupata nafasi ya kupiga kifuniko cha mbele cha injini. Kifuniko hicho ni cha aluminiamu, na cheni ni ya chuma kigumu. Nyuma ya ukuta wa kifuniko kuna njia ya maji ya kupozea injini. Cheni hukwangua ukuta huo kama msumeno hadi ukatoboka, na maji huingia katika oili. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kulainisha beringi, na injini hufa kwa muda mfupi. Tangu kelele ya kwanza hadi tundu kutokea huenda ikapita miezi mingi. Muda huo ni nafasi ambayo katibu mwangalifu huitumia.

3. KWA NINI CHENI HULEGEA

Watu husema kuwa cheni imevutika, lakini chuma chake hakikuvutika. Kilicholika ni pini na mabomba madogo yaliyomo katika kila kiungo. Tuseme cheni ina viungo 90, na kila kiungo kimelika kwa milimita 0.05 tu, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Zidisha, utapata milimita 4.5. Huo ndio urefu ulioongezeka, na kikazio kina mwisho wa kuufuata.

Sababu kubwa ya kulika ni oili. Oili chafu hubeba masizi na chembe za chuma, nazo hufanya kazi ya tupa ndani ya viungo. Oili iliyopungua haikifikishi kikazio nguvu ya kutosha. Chama kinachoahirisha kumwaga oili ili kuokoa fedha kidogo hununua cheni kwa fedha nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. JINSI YA KUKAGUA

Ukaguzi hauhitaji kuifungua injini yote, nao waweza kufanywa na dereva pamoja na katibu kwa muda wa saa moja. Uufuate mpango huu.

(a) Sikiliza asubuhi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua boneti na umwagize mtu awashe. Sikiliza mbele ya injini, nyuma ya feni. Mchakacho wa nukta mbili tatu unaokoma oili ipandapo si ajabu kwa injini iliyotumika. Mchakacho unaoendelea, au unaorudi unapoachia mafuta, ni dalili ya cheni iliyolegea au reli iliyovunjika.

(b) Tenganisha kelele. Mlio mwembamba wa tik-tik unaotoka juu, chini ya kifuniko cha valvu, huenda ukawa ni nafasi za valvu tu. Kelele ya beringi ya pampu ya maji au ya altaneta pia hutoka mbele. Zima injini, ondoa mkanda wa feni, washa kwa nukta chache tu, kisha uzime. Kelele ikibaki, haitoki katika vitu vinavyoendeshwa na mkanda.

(c) Pima ulegevu. Zima gari na uondoe waya wa betri. Toa kofia ya distributa uione rota yake. Kwa spana kubwa, izungushe kranki kwa mkono kufuata upande wa mishale ya saa hadi alama ya puli isimame kwenye sifuri. Sasa irudishe nyuma polepole sana, huku mwenzako akiitazama rota. Distributa ya injini hii huendeshwa na gia iliyo mbele ya kamshafti, kwa hiyo rota haitacheza mpaka ulegevu wa cheni uishe. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Kranki ikizunguka nyuzi 10 hivi kabla ya rota kujibu, usiahirishe tena.

(d) Tazama kwa macho. Fungua kifuniko cha valvu, kisha umulike kwa tochi chini ya gia ya kamshafti. Reli zote mbili zionekane zimesimama wima na zimefungwa. Reli isiyoonekana, au inayocheza ukiigusa kwa kijiti, imevunjika. Pangusa vumbi kabla ya kufungua, na uhakikishe hakuna kitu kinachoanguka ndani ya shimo lile.

(e) Chunguza oili na maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Maji yanayopungua katika rejeta bila kuvuja nje ni onyo. Vipande vya plastiki katika oili iliyomwagwa ni ushahidi kamili. Ukiona oili ya rangi hiyo, gari lisiwashwe tena hata kwa safari ya mwisho.

Matokeo ya ukaguzi yaandikwe katika daftari siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe, kilometa na majina ya waliokagua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. TUFANYE WENYEWE AU TUPELEKE GEREJI?

Kazi hii yaweza kufanywa uwanjani kwa chama ikiwa masharti manne yametimia. La kwanza, awepo mtu mmoja aliyewahi kufungua injini, si mwenye ari tu. La pili, kiwepo kitabu cha matengenezo cha injini hiyo hasa. La tatu, iwepo spana ya kupimia nguvu ya kukaza, hata kwa kuazima katika chama jirani. La nne, gari liwe na nafasi ya kukaa siku mbili au tatu bila kuhitajiwa. Sharti moja likikosekana, ni heri kulipa gereji. Hakuna aibu katika kulipa ujuzi; aibu ni kuivunja mali ya watu kwa kujaribu.

Kamati na iamue kabla ya msimu wa mazao. Anayengoja msimu uanze huamua kwa haraka, na haraka haraka haina baraka.

Katika kununua spea, nunua seti nzima: cheni, gia zote mbili, reli mbili, kikazio, gasketi, na sili ya mbele ya kranki. Kuweka cheni mpya juu ya gia zilizolika ni kuiharibu cheni mpya. Hakikisha kama cheni yako ni ya safu moja au mbili. Siku hizi ziko reli zenye mgongo wa chuma badala ya plastiki tupu; zikipatikana, zichukue. Katibu apate bei za wauzaji wawili au zaidi, aziweke mbele ya kamati, na risiti aihifadhi. Spea zikifika, zilinganishwe na karatasi ya agizo kabla ya fundi kugusa spana.

6. KUFUNGUA

Tayarisha mahali pa usawa, penye kivuli na pasipo vumbi la upepo. Injini iwe imepoa kabisa. Vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, na uondoe waya wa hasi wa betri. Ikiwa gari lazima liinuliwe, liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kwanza, mwaga maji ya rejeta na oili katika vyombo viwili mbalimbali. Maji yenye dawa ya kupozea ni sumu kwa watoto na mifugo, yafunikwe. Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtoni.

Pili, ondoa mikanda, feni, rejeta na pampu ya maji. Chukua kipande cha boksi, uchore umbo la mbele ya injini, na kila bolti unayoitoa uichomeke mahali pake katika mchoro. Bolti za kifuniko cha mbele hazilingani urefu. Bolti ndefu ikiwekwa pa fupi huvunja aluminiamu, na fupi ikiwekwa pa ndefu huhara nyuzi.

Tatu, fungua kifuniko cha valvu, kisha uizungushe kranki kwa mkono hadi pistoni ya kwanza iwe juu kabisa katika mpigo wa kubana. Utaijua hali hiyo kwa mambo matatu yakutanapo: alama ya puli iko sifuri, rota inaelekea waya wa plagi ya kwanza, na roka za silinda ya kwanza zote mbili ni legevu. Ikiwa roka hizo zimekaza, zungusha tena mzunguko mmoja kamili. Tia alama za rangi, kisha uitoe distributa.

Nne, legeza bolti kubwa ya puli ya kranki na bolti ya gia ya kamshafti wakati cheni bado ipo. Kranki izuiwe isizunguke kwa kifaa cha kuzuilia. Wako watu wanaoegemeza spana kwenye chasisi na kupiga stata ili bolti ilegee. Njia hiyo imewavunja watu mikono. Isitumiwe katika uwanja wa chama. Puli itolewe kwa kifaa cha kuvutia, wala isipigwe nyundo.

Tano, toa bolti ya kamshafti pamoja na gia ya kuendeshea distributa na kipande cha kusukumia pampu ya petroli, ukikumbuka mpangilio wake. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: mbele ya silinda hedi, chini ya gia hiyo, kuna kidimbwi cha oili, na ndani ya kidimbwi imo bolti moja inayoshuka hadi kwenye kifuniko cha mbele. Haionekani mpaka oili ipanguswe. Asiyeijua huvuta kifuniko kwa nguvu hadi kikapasuka.

Sita, fungua pampu ya oili iliyo mbele ya kifuniko, kisha bolti za sampu zinazoingia katika kifuniko. Ni bora kuishusha sampu yote, kwa kuwa vipande vya reli iliyovunjika huwa vimelala humo, na vikibaki huziba chujio la pampu. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu manne, kazi ya kushusha sampu ni kubwa zaidi. Panga siku moja ya ziada.

Saba, kitoe kifuniko polepole. Gasketi ya silinda hedi imekikalia kwa juu, nayo itenganishwe kwa kisu chembamba bila kuipasua.

Tangu cheni inapotoka, kranki isizungushwe, wala kamshafti. Pistoni zaweza kuzigonga valvu, na hapo kazi ya siku mbili itageuka kuwa ya wiki mbili.

7. KUCHUNGUZA KILICHOFUNGULIWA

Safisha kifuniko kwa mafuta ya taa, ukitazame ndani kwa mwanga. Alama ndogo za mkwaruzo zavumilika. Mfereji unaoshika ukucha ni hatari, na tundu, hata dogo kama la sindano, ni sababu ya kununua kifuniko kingine. Gundi juu ya tundu hilo ni kumdanganya mwanachama.

Tazama meno ya gia za zamani. Jino zima lina mabega mawili yaliyo sawa. Jino lililolika hulala upande mmoja kama wimbi. Yaweke haya yote katika sanduku, kamati iyaone. Mwanachama akiuliza katika mkutano mkuu fedha zilikwenda wapi, sanduku hilo litasaidiana na risiti kumjibu.

8. KUFUNGA

Safisha nyuso zote mpaka mabaki ya gasketi yaishe, huku umeziba sampu kwa kitambaa safi. Funga reli mpya na kikazio kipya. Ufunguo wa kranki uwe juu kabisa, na pini ya kamshafti iwe juu kabisa. Cheni mpya ina viungo vilivyotiwa rangi tofauti. Viungo hivyo hulinganishwa na alama za gia ya chini na ya juu kama picha ya kitabu inavyoonyesha. Mtu mmoja alinganishe, mwingine ahakikishe peke yake bila kuambiwa. Paka oili safi katika cheni yote.

Weka sili mpya ya kranki, ukiipaka oili mdomoni. Funga kifuniko kwa gasketi mpya, na pembeni ambapo kifuniko, silinda hedi na sampu hukutana tia gundi ya gasketi kidogo. Pembe hizo ndizo huvuja. Rudisha kila bolti kutoka kwenye boksi, pamoja na ile ya kidimbwini, na uzikaze kwa spana ya kipimo kwa kufuata jedwali la kitabu. Mkono haukisii.

Sasa izungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ukihisi kizuizi kigumu, simama, usilazimishe. Baada ya mizunguko miwili, alama za kranki na kamshafti zirudi mahali pake. Viungo vyenye rangi havitalingana tena mara hii, na hilo si kosa. Alama za gia ndizo za kuamini.

Rudisha distributa kwa alama zako. Mpangilio wa kuwaka wa silinda ni 1-3-4-2. Tia oili mpya na chujio jipya, kisha maji. Kabla ya kuwasha, toa waya wa koili na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Hapo rudisha waya na uwashe. Mchakacho wa nukta chache za kwanza ni kikazio kinajaa; ukiendelea, zima. Injini ikishapata joto, rekebisha wakati wa kuwaka kwa taa ya taimingi, na upime nafasi za valvu: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na milimita 0.30 kwa za kutoa, injini ikiwa moto.

Gari liendeshwe kwanza karibu na nyumbani bila mzigo. Lirudipo, chungulia kama kuna uvujaji, na pima maji likishapoa. Ikiwa maji yaliwahi kuingia katika oili, imwage oili hiyo mpya baada ya kilometa chache tu, kwa kuwa imesafisha mabaki. Ikiwa hayakuingia, kuimwaga baada ya kilometa 1,000 ni tahadhari njema.

9. DAFTARI LA GARI

Mwisho wa kazi ni kuandika. Yafuatayo yasikosekane: tarehe, kilometa, spea zilizowekwa na mahali zilipotoka, gharama yake, jina la fundi, na kilometa za kumwaga oili ijayo. Miaka inapopita, makatibu hubadilika na madereva huhama, lakini daftari hubaki. Katibu mpya asiyekuta maandishi hulazimika kununua tena kile ambacho tayari kilinunuliwa, au kungoja kiharibike ndipo ajue kuwa kilikuwapo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA

1. Injini ya gari la chama chetu ina cheni, mkanda, au gia? Nani alithibitisha, na imeandikwa wapi?

2. Oili ya mwisho ilimwagwa lini, na kwa kilometa ngapi? Kama hakuna anayejua, ni nani mwenye wajibu wa kujua?

3. Dereva ametoa taarifa ya kelele mbele ya injini, na mavuno yataanza baada ya majuma matatu. Kamati ifanye nini juma hili, na ni hatua gani isiyoweza kungoja?

4. Fundi anapendekeza kununua cheni peke yake ili kupunguza gharama. Mweleze kwa nini chama hakikubali.

5. Je, vyama jirani vyaweza kununua kwa pamoja spana ya kupimia, taa ya taimingi na kifaa cha kuvutia puli, vikavitumia kwa zamu? Andikeni masharti ya kuazimana na jina la mtunzaji.

Swali la tano lisipuuzwe. Vifaa hivyo ni ghali kwa chama kimoja, navyo hutumika siku chache tu kwa mwaka. Vyama vitatu vikichanga, kila kimoja kitakuwa navyo siku ya haja, na huo ndio ushirika wenyewe. Katibu ayasome maswali haya katika kikao kijacho cha kamati, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao.